Magongo ya barafuni vyuoni Marekani: Mshabiki apime timu kwa kipimo gani?

KILA mwaka ifikapo Agosti na Septemba, kabla ya mechi za kwanza za Oktoba, mshabiki wa mpira wa magongo wa barafuni katika vyuo vikuu vya Marekani huketi na kalamu na orodha ya wachezaji wa timu yake. Huanza kwa kuwafuta waliohitimu. Kisha huwafuta walioacha masomo mapema ili wakacheze kwa malipo. Waliobaki huwapanga: washambuliaji katika safu nne za watatu watatu, walinzi katika jozi tatu, na mlinda mlango peke yake chini ya ukurasa. Mwisho huongeza majina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mbele ya kila jina jipya huandika neno moja au mawili ya matumaini.

Kwa miongo mingi zoezi hilo lilikuwa na chembe ya kubahatisha, lakini lilikuwa na mantiki yake. Aliyekuwa mwaka wa pili msimu uliopita sasa ni wa mwaka wa tatu. Ameongeza uzito, ameuzoea mfumo wa kocha, na makosa yake yanajulikana. Chuo kilichopoteza wachezaji sita kingeingiza sita au saba. Mshabiki mwenye kumbukumbu nzuri aliweza kukadiria timu yake itafika wapi bila kukosea sana.

Mantiki hiyo ilianza kuvurugika mwaka 2021, na tangu Novemba 2024 haishiki tena. Swali linalowakabili washabiki, makocha na hata wazazi wa wachezaji ni moja: timu ambayo nusu ya nguvu yake imeingia katika kipindi kimoja cha kiangazi, itapimwa kwa kipimo gani?

Ili kuelewa ukubwa wa mabadiliko hayo, yafaa kwanza kuuangalia mchezo wenyewe. Magongo ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, akiwamo mlinda mlango, wote wakiteleza kwa viatu vyenye makali na kukisukuma kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kasi yake ni kubwa mno kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja kisha hupokewa na mwenzake. Ndiyo maana timu hupimwa kwa safu zake zote nne, si kwa nyota wake wawili.

Vyuo zaidi ya 60 vinashiriki daraja la juu la mchezo huo chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani. Timu 16 huingia katika mashindano ya mwisho wa msimu, na nne zinazosalia hukutana mwezi Aprili katika mji mmoja kumtafuta bingwa. Kila Juni, klabu za ligi kuu ya kulipwa, NHL, huchagua chipukizi kwa zamu. Kijana akishachaguliwa, haki ya kumsajili huwa ya klabu hiyo hata kama bado anasoma. Kwa hiyo karibu kila chuo kikubwa kina wachezaji ambao tayari wana wenyewe huko juu, na wanaweza kuitwa wakati wowote msimu wao unapomalizika.

Kwa upande wa pili wa mpaka kuna ligi tatu za vijana za Kanada, zinazounganishwa chini ya jina la CHL. Zina takriban timu 60, chache kati yake zikiwa ndani ya Marekani, na huchezesha vijana wa miaka 16 hadi 20. Hizo ndizo zilizotoa nyota wengi wa NHL. Wachezaji wake hupewa posho ndogo ya kila mwezi, na baadhi yao huwa wamekwisha kutia saini mikataba na klabu za NHL. Kwa sababu hizo NCAA iliwahesabu wote kuwa wachezaji wa kulipwa, na aliyecheza huko alifungiwa mlango wa chuo.

Sheria hiyo ilikuwa kali kupita kiasi. Agosti 2024 kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho mjini Buffalo, jimbo la New York, kwa niaba ya kijana aliyecheza mechi mbili tu za kirafiki katika timu ya CHL akiwa na umri wa miaka 16. Mechi mbili hizo, ambazo hata hazikuhesabiwa katika ligi, zilitosha kumnyima nafasi ya kuchezea chuo cha daraja la kwanza. Wakati huohuo chuo kingeweza kumpokea kijana aliyekwisha kucheza na watu wazima katika ligi za Ulaya. Ni vigumu kuutetea utaratibu wa namna hiyo mbele ya hakimu, na inaelekea viongozi wa NCAA waliliona hilo.

Novemba 7, 2024, Baraza la Divisheni ya Kwanza la NCAA lilipiga kura ya kuwaruhusu wachezaji wa CHL kuanzia Agosti 1, 2025. Miezi miwili kabla ya kura hiyo, mchezaji mmoja wa Regina Pats alikuwa tayari ametangaza kwamba anakusudia kwenda Arizona State, ishara kwamba watu walishanusa upepo unakoelekea.

Kura hiyo ilikuja juu ya mabadiliko mengine mawili. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kulipwa na wafanyabiashara kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka huohuo waliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje mwaka mzima kama ilivyokuwa zamani. Kisha, Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano yaliyoviruhusu vyuo vinavyojiunga na mpango huo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Makubaliano hayo yaliondoa kikomo cha ufadhili wa masomo, ambacho kwa magongo ya wanaume kilikuwa nafasi 18, na badala yake yakaweka kikomo cha idadi ya wachezaji: 26 kwa timu.

Idadi hiyo ya 26 ndiyo yenye uzito kuliko mamilioni yanayozungumzwa. Ukikadiria wachezaji 26 kwa kila chuo, nafasi zote za daraja la kwanza ni takriban 1,600. Robo yake, yaani kama 400, huachwa wazi kila mwaka na wanaohitimu. Timu 60 za CHL, kila moja ikiwa na vijana zaidi ya 20, zina wachezaji wasiopungua 1,200. Si wote wanaotaka kusoma, na si wote wenye uwezo wa kucheza chuoni. Lakini hata wakija 200 tu katika mwaka mmoja, watu 200 waliokuwa wakizitazama nafasi hizo itabidi watafute pengine pa kwenda.

Watu hao ni akina nani? Aghalabu ni vijana wa miaka 19 na 20 wa Marekani yenyewe, wanaocheza katika ligi ya vijana ya USHL ya majimbo ya kati na katika ligi nyingine ndogo. Vijana hao waliitii sheria ya zamani. Walikataa kwenda CHL ili wasipoteze nafasi ya chuo, wakapanga katika nyumba za familia za kuwahifadhi mbali na kwao, wakasubiri mwaka mmoja au miwili baada ya kumaliza sekondari, wengine wakiwa na ahadi ya mdomo tu ya kocha. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu. Kocha anayeweza kumpata kijana wa CHL aliyekwisha kucheza mechi 200 za ushindani ana sababu nzuri ya kupiga simu na kuomba radhi.

Kufunguliwa kwa mlango ni jambo la haki. Hilo halina ubishi mkubwa. Hata hivyo, gharama yake imewaangukia wale walioifuata sheria, na katika orodha za washabiki za kila Septemba majina yao hayaonekani, kwa sababu mshabiki huandika waliokuja. Walioambiwa wasije hawamo katika karatasi yake.

Mfano unaoonyesha mambo hayo yote kwa pamoja ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, maarufu kama Penn State. Hadi mwaka 2012 chuo hicho, kinachojulikana zaidi kwa soka la Kimarekani, hakikuwa na timu ya magongo ya wanaume katika daraja la kwanza. Ilianzishwa baada ya tajiri wa gesi, Terry Pegula, mmiliki wa klabu ya Buffalo Sabres, kutoa msaada uliofikia dola milioni 102, uliojenga uwanja wa watazamaji takriban 6,000. Chini ya kocha Guy Gadowsky timu ilipanda hatua kwa hatua. Machi 2025, mjini Allentown, iliichapa Maine 5-1, kisha ikaitoa Connecticut 3-2 katika muda wa nyongeza kwa bao la Matt DiMarsico, na kufika nusu fainali ya taifa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Huko St. Louis ilifungwa na Boston University 3-1.

Kwa kipimo cha zamani, mshabiki wa Penn State aliyeketi kuandika tathmini yake kabla ya msimu wa 2025/26 angekuwa na kazi rahisi. Aiden Fink, mshambuliaji aliyepata pointi 53 msimu uliotangulia (yaani mabao pamoja na pasi za mabao), aliamua kurudi kwa mwaka wa tatu. Charlie Cerrato, aliyeng'ara akiwa mwaka wa kwanza, alichaguliwa na Carolina katika raundi ya pili Juni 2025, naye akabaki. DiMarsico alikuwapo. Safu ya mbele ilikuwa na watu wanaofahamiana, na katika mchezo huu kufahamiana kuna thamani kubwa: pasi hutolewa kabla ya kutazama, kwa kuwa hakuna muda wa kutazama.

Kisha ikaja Julai 8, 2025. Gavin McKenna, kijana wa Whitehorse katika eneo la Yukon, aliyekuwa ndiye mchezaji bora wa ligi zote za CHL, alitangaza kwenye televisheni ya ESPN kwamba anakwenda Penn State. Alikuwa amepata pointi 129 katika mechi 56 za Medicine Hat Tigers: mabao 41 na pasi za mabao 88. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba malipo yake yangefika takriban dola 700,000. Akafuatia Jackson Smith, mlinzi wa Tri-City Americans aliyechaguliwa wa 14 na Columbus mwezi uliotangulia. Msomaji aliyezoea kelele za usajili za Simba na Yanga ataielewa hali ya mji wa chuo ule wiki hiyo bila kuelezwa zaidi.

Kwa mtazamo wa juujuu, timu iliyofika nne bora ikaongezewa mchezaji bora wa vijana wa Amerika Kaskazini ni timu ya ubingwa. Lakini tathmini ya makini ilipaswa kuanzia chini ya ukurasa, kwenye jina linaloandikwa peke yake. Arsenii Sergeev, mlinda mlango aliyeibeba Penn State hadi St. Louis, alikuwa amekwisha kwenda Calgary Flames baada ya msimu mmoja tu chuoni hapo. Nafasi yake iligombewa na makipa wageni, akiwamo Kevin Reidler, Msweden aliyehama kutoka Omaha. Kipa mpya nyuma ya walinzi wapya ni jambo ambalo hakuna pointi 129 zinazoweza kulifidia kwa uhakika.

Jambo la pili ni umri. McKenna alizaliwa Desemba 2007. Alipoanza masomo alikuwa bado hajatimiza miaka 18. Katika CHL wapinzani wake wakubwa walikuwa na miaka 20. Chuoni atakutana na mabeki wa miaka 23 na 24, wanaume waliomaliza kukua, ambao wana mechi mbili tu kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi, na siku nyingine zote hunyanyua vyuma. Takwimu za ligi moja hazihamishwi kwenda ligi nyingine kama fedha kati ya benki mbili. Oktoba 2025 Penn State ilianza kwa ushindi ugenini dhidi ya Arizona State na McKenna akatoa pasi za mabao, lakini mechi ya kwanza haijawahi kuwa ushahidi wa lolote.

Penn State haikuwa peke yake. Michigan State ilimpata Porter Martone, aliyechaguliwa wa sita na Philadelphia mwaka 2025, pamoja na Cayden Lindstrom, wa nne mwaka 2024. North Dakota ilimpata mlinzi Keaton Verhoeff kutoka Victoria. Hata hivyo Michigan State hiyohiyo ilimpoteza Isaac Howard, aliyetwaa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2025. Howard hakuelewana na Tampa Bay iliyokuwa na haki zake, na Julai 2025 haki hizo zikahamishiwa Edmonton, ambako alitia saini. Siku aliyoondoka ilikuwa ileile McKenna aliyotangaza uamuzi wake. Mshabiki aliyeandika tathmini yake mwezi Juni alilazimika kuichana.

Historia ya karibuni inapaswa kuwatuliza wanaohesabu ubingwa kwa kuhesabu majina. Mwaka 2023 Minnesota iliingia mashindanoni ikiwa ya kwanza kwa ubora, ikiwa na Logan Cooley, Matthew Knies, Jimmy Snuggerud na Brock Faber. Ni vigumu kukumbuka kikosi cha chuo kilichosheheni vipaji kuliko hicho. Katika fainali ya Tampa iliongoza 2-0. Quinnipiac, chuo cha Connecticut ambacho kocha Rand Pecknold alikikuta mwaka 1994 kikiwa katika daraja la pili, kilisawazisha kikiwa kimemtoa kipa wake ili kuongeza mshambuliaji, kisha Jacob Quillan akafunga baada ya sekunde 10 tu za muda wa nyongeza. Minnesota haijasahau.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Boston College. Safu yake ya mbele iliundwa na vijana watatu wa mwaka wa kwanza, Will Smith, Ryan Leonard na Gabe Perreault, wote wakiwa wamechaguliwa katika raundi ya kwanza ya NHL, na wote wakiwa wametwaa dhahabu ya dunia ya vijana Januari 2024. Smith alimaliza msimu na pointi 71. Waliokwenda St. Paul mwezi Aprili walikwenda kuangalia kutawazwa. Denver ilishinda 2-0. Mlinda mlango Matt Davis aliokoa mashuti 35, na chuo hicho kikatwaa ubingwa wa 10, idadi ambayo hakuna chuo kingine kilichoifikia. Nusu fainali Denver ilikuwa imekwisha kuitoa Boston University ya Macklin Celebrini, kijana aliyekuja kuchaguliwa wa kwanza na NHL miezi miwili baadaye.

Mwaka 2025 Boston College iliongoza tena kwa ubora, na ikatolewa tena na Denver, safari hii kabla ya kufika nne bora. Ubingwa ulikwenda Kalamazoo, kwa Western Michigan, chuo ambacho hakikuwahi kuupata. Kiliitoa Denver katika muda wa nyongeza wa pili, kisha kikaifunga Boston University 6-2.

Haitakuwa sahihi kusema kwamba vipaji havina maana. Denver ya mwaka 2024 ilikuwa na Zeev Buium, beki ambaye NHL ilimgombea miezi michache baadaye. Linaloonekana katika fainali hizo tatu ni kwamba mechi moja ya mtoano haiulizi timu ina wangapi wa raundi ya kwanza. Inauliza kama safu ya tatu na ya nne zinaweza kukaa uwanjani bila kufungwa, na kama kipa hatatetereka. Hayo mawili ndiyo ambayo tathmini nyingi za kabla ya msimu huyapa mstari mmoja mmoja mwishoni.

Fedha nazo zinaelekea kuipanua tofauti hiyo kuliko kuipunguza. Chuo chenye wafadhili kinaweza kumnunua mshambuliaji wa kwanza. Ni chuo gani kitatoa fedha nyingi kwa ajili ya beki wa tano, yule anayezuia mashuti kwa mwili na kufunga bao moja kwa mwaka? Beki huyo hupatikana kwa kukaa. Akibaki miaka minne anakuwa nguzo. Akiona kiti chake kimepewa mgeni, anahama. Vyuo vidogo, ambavyo huwakuza wachezaji wa aina hiyo kwa uvumilivu, vinakabiliwa na hatari mbili kwa wakati mmoja: kuwapata watu wazuri zaidi walioachwa na vyuo vikubwa, na kuwapoteza haohao mara tu wanapoiva.

Kwa hiyo mshabiki anayetaka kukosea kidogo afadhali aanze orodha yake kwa maswali mengine. Ni wangapi kati ya waliocheza Machi wamerudi? Kipa amekaa katika goli hilo kwa muda gani? Wageni waliokuja wana umri gani, na waliokuwa mbele yao katika foleni wamekwenda wapi? Majibu hayo hayavutii kama pointi 129, lakini yapo Septemba, yanahesabika.

Hata hapo ajihadhari na wino. Boston University ilipoanza msimu wa 2024/25, hakuna aliyemwandika Mikhail Yegorov katika orodha ya timu hiyo, kwa kuwa alikuwa bado akicheza ligi ya vijana huko Omaha. Aliwasili chuoni Januari 2025, katikati ya msimu. Aprili ndiye aliyekuwa golini siku Penn State ilipofungwa 3-1.